Sikio Lililolala Chini

Swali la saba ndilo linalowatoa jasho. Yale sita ya kwanza vijana huyajibu wakiwa wameegemea kiti: jina, chuo, shahada, mada ya utafiti, msimamizi, na miaka miwili ya ufadhili utaitumia vipi. Kisha wanafika palipoandikwa, "Eleza kosa moja ulilolifanya katika kazi yako, na namna lilivyogunduliwa," na hapo hata mwandiko hubadilika. Mmoja mwaka huu ameandika kwamba kosa lake ni kufanya kazi kupita kiasi. Mwingine amesema yeye hupenda mno kila kitu kiwe sawasawa. Hao nimewaweka pembeni ninywe chai kwanza, nisije nikawaandikia maneno yasiyomfaa bibi wa umri wangu. Swali hilo lina alama kumi, na mimi si mkarimu. Nimesoma fomu hizi miaka mingi, fomu za vijana wanaoanza kuchunguza ubongo na neva, na sijawahi kumpa mtu kumi. Fedha za mfuko huu wa ufadhili ni kidogo, zinatosha kumpeleka kijana mmoja tu kila mwaka, na ndiyo sababu nasoma polepole. Najua maana ya kuwa yule mmoja, na najua pia maana ya kuwa yule wa pili.

Njoroge ndiye aliyeuanzisha mfuko huu na ndiye aliyeling'ang'ania swali la saba. Wenzake katika kamati walitaka liondolewe, wakidai linawatisha watoto wa watu. Aliwaambia kwamba likiondoka, na yeye anaondoka, basi likabaki. Tulimzika kule Waithaka mwezi uliopita, nyuma ya nyumba ya mama yake, na watu walipokwisha kula na kutawanyika binti yake Wairimu aliniletea kiti karibu na ukuta. "Auntie Nekesa," akaniambia, "fomu za mwaka huu ziko kwa gari. Na kuna boksi ya Baba, ameandika jina yako juu. Sijafungua." Nilivipokea vyote viwili. Fomu nilianza kuzisoma siku iliyofuata, lakini boksi nililiweka juu ya kabati, maana nilidhani najua kilichomo, nami sikuwa tayari kukitazama. Swali la saba, tangu siku ya kwanza nilipoliona, nilijua limetoka kwangu. Lilikuwa kosa langu mimi, limevaa suti. Sikuwahi kumlalamikia, lakini kila mwaka nikilifikia lilinichoma kidogo, na nilijiuliza kwa nini rafiki yangu hakuweza kuliacha jambo lile lilale.

Mwaka ninaousema, miaka ya sabini ilikuwa bado michanga. Nilikuwa na shahada moja, magauni mawili ya kazini, na chumba kimoja cha mabati katika ploti ya Mama Njoroge pale Waithaka. Chumba changu kilipakana na jiko lake, na kati yetu palikuwa na mbao tu, kwa hiyo nilijua saa anayotia chumvi na saa anayomsema jirani. Aliamini kwamba mtu wa kutoka magharibi asipokula ugali siku saba hufa, basi kila Jumapili alinipikia ugali kwa mikono yake. Ugali wenyewe ungeweza kuunywa kwa kikombe. Niliula wote na kumshukuru, huku Njoroge ameinamia sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tulikuwa tumemaliza chuo pamoja na kuajiriwa pamoja, wasaidizi wawili wa profesa mmoja, katika chumba kirefu orofani mjini kilichonuka fomalini hadi kwenye sukari ya chai. Profesa huyo tulimwita Prof tu. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Nairobi, mwembamba, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani lakini hakikumkwamisha.

Kazi yetu ilikuwa mbuzi wanaozunguka. Kuna mnyoo wa mbwa ambao mayai yake mbuzi huyala malishoni, na mfuko wa maji huota ndani ya ubongo wa mbuzi huyo, ukakua hata kufikia ukubwa wa yai la kuku. Mnyama haendi mbele tena. Huzunguka mahali pamoja, siku nzima, upande uleule mmoja, mpaka aanguke. Wafugaji waliowaleta mbuzi Dagoretti kuchinjwa waliujua ugonjwa huu kabla sisi hatujazaliwa, na baadhi yao walijua kuutibu. Walimlaza mbuzi, wakatoboa fuvu kwa kisu chembamba, wakautoa mfuko, na mbuzi akarudi malishoni. Ugumu ni kujua utoboe upande gani, kwa sababu ukikosea umemuua bure. Wao walishikilia kwamba mbuzi huzunguka kuelekea upande ulio na mfuko. Prof alitaka kuhakikisha, kwa sababu nyuma ya swali hilo dogo lilijificha kubwa, kwamba nusu hii ya ubongo inaamuru nini na ile inaamuru nini. Alipenda kutuambia kwamba hakuna maabara duniani iliyo jirani na mbuzi wa kizunguzungu kama yetu.

Mimi na Njoroge tulipokezana kwenda machinjioni Dagoretti, wiki moja yangu, wiki moja yake, anayebaki akikaa mjini na hadubini. Asubuhi nilisimama zizini nikaandika mbuzi anazunguka vipi, kama mshale wa saa au kinyume chake, kisha nikamfuata hadi kwa mchinjaji. Huyu alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kibera, mtu wa maneno machache na ndevu zilizochanwa vizuri. Alichinja kwa namna moja tu. Mbuzi alilazwa ubavu wa kushoto, uso umeelekezwa kibla, jina la Mungu likatajwa, na kisu kilikuwa kimenolewa mahali mnyama asipokiona. Baadaye alikiweka kichwa mezani, kisogo kikiwa upande wake, akafungua fuvu kwa msumeno mdogo ili tuone mfuko umekaa wapi. Siku ya kwanza tulikwenda sote wawili. Njoroge akasimama nyuma ya Mzee, gambuti zake ndani ya damu. Nilipotaka kumfuata, Mzee alininyooshea mkono. "Mwalimu, huku kwangu ni kisu na uchafu," alisema. "Wewe kaa ile upande ingine, pale pasafi." Akapangusa sanduku la mbao, akaliweka ng'ambo ya meza, mbele ya uso wa mbuzi, na likawa kiti changu mwaka mzima. Aliniita mwalimu ingawa sikuwa bado mwalimu, na hakukuwa na mwanamke mwingine aliyepewa kiti mle ndani. Niliona fahari sana kukikalia. Kichwa chenyewe kilikuwa mali ya mwenye bucha, maana supu ya kichwa ilikuwa na wateja wake. Sisi tulipewa mfuko wa maji tu ndani ya chupa, na mengine yote tuliyoyaona tuliyabeba daftarini.

Daftari langu lilikuwa zuri, na nalisema hili bila haya. Kila mbuzi alikuwa na ukurasa wake na mchoro wake, uso kwa mbele, pembe, masikio, na duara mahali pa mfuko. Upande wa kushoto wa ukurasa niliandika "kushoto" na upande wa kulia nikaandika "kulia". Nilichora hata maji. Sakafu ya mle ndani ilimwagiwa maji kutwa, kwa hiyo sikio lililolala chini lilitoka limelowa na kuchafuka, nami nililitia weusi kwa penseli, kwa kuwa nilifunzwa shuleni kuchora ninachokiona. Daftari la Njoroge lilikuwa na damu, alama za vidole, na duara moja la kikombe cha chai. Kila mbuzi alipata mistari miwili, basi. Kufikia katikati ya mwaka madaftari haya yalikuwa yamegombana. Lake liliwapa wafugaji haki. Langu lilisema kinyume, kwamba karibu mbuzi wangu wote walizunguka wakiukimbia mfuko. Njoroge alisema labda mbuzi wangu wamesoma. Prof aliyaweka mawili hayo mezani, akalitazama langu, akalitazama lile lenye duara la kikombe, akaamua palepale ni nani aliyekuwa mzembe. Leo namlaumu kidogo tu, kwa kuwa mtu wa kwanza kudanganywa na usafi wa daftari lile nilikuwa mimi mwenyewe.

Jumapili moja Prof alitualika chakula nyumbani kwake Hurlingham. Nakumbuka zulia lililonifanya nitamani kuvua viatu, na vitabu vilivyopanda ukutani hadi darini, na chapati nyembamba ambazo mkewe alizileta mbili mbili ili zisipoe. Njoroge aliiona achari ya maembe, akadhani ni mboga, akajitilia vijiko vitatu. Nilimwona akitafuna, macho yakijaa maji, shingo ikimtoka jasho. Mama mwenye nyumba alimuuliza kama ni kali. Akasema ni tamu sana, akamaliza yote. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kunyamaza na moto mdomoni. Baada ya chakula Prof alituambia kwamba kuna wakfu wa ng'ambo unaotoa ufadhili kwa watafiti chipukizi wa ubongo, miaka miwili katika maabara ya kule, na posho ya kuishi, na kwamba Nairobi imepewa nafasi moja. Angelipeleka jina langu, kwa sababu matokeo yangu yalikuwa mapya. Njoroge angengoja zamu nyingine. Njoroge alipiga makofi kabla sijaelewa vizuri nilichoambiwa. Nataka niseme wazi jinsi nilivyoitaka nafasi ile, kwa kuwa watu wa umri wangu hupenda kujifanya hawakuwahi kutaka kitu. Niliitaka hadi nikashindwa kula. Nililala nikiona madirisha ya maabara ambayo sijawahi kuiona, na hadubini ambayo ni yangu peke yangu, na jina langu kwenye mlango.

Michoro ya kupeleka kwa wakfu ilibidi inakiliwe kwa wino, na mkono wa Njoroge ulikuwa imara kuliko wangu alipotaka. Alijitolea bila kuombwa. Jioni moja, wiki tatu kabla ya usaili wangu, tulikaa jikoni kwa mama yake, yeye na kalamu, mimi nikichambua maharagwe. Katikati ya mchoro mmoja aliisimamisha kalamu. Alikaa hivyo muda mrefu hata mama yake akamwambia chai inapoa. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Hii sikio nyeusi, kila mara ndio ile imelala chini?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo iliyolowa. Akasema sawa, akachovya kalamu, akaendelea. Siku chache baadaye, kupitia zile mbao zetu, nilimsikia mama yake akimsema kwa Kikuyu, lugha ambayo kufikia hapo niliielewa vya kutosha. Alimuuliza kwa nini anakaa kama gunia, wenzake wakienda Ulaya, kwa nini hamwendei yule profesa akajisemea mwenyewe. Njoroge alimjibu kwamba kuna jambo anangoja. "Ngoja, ngoja," mama akasema. "Mwenye kungoja hupewa ukoko." Niliinama nikaendelea kupiga pasi gauni langu. Nilimhurumia, na huruma ile ilikuwa tamu, kwa sababu ni huruma ya aliyeshinda.

Katika wiki hizohizo mfugaji mmoja aliyenijua kwa sura alinifuata zizini. Alikuwa na mbuzi jike nyumbani, mwenye maziwa mengi, ameanza kuzunguka. Alisikia kwamba mimi ndiye ninayesomea vichwa, basi akaniuliza atoboe wapi. Nilimwambia wazee wake walikosea, atoboe upande wa pili. Alinitazama kwa mashaka kidogo, lakini nilikuwa na daftari mkononi. Aliporudi Dagoretti na wanyama wengine aliniambia mbuzi alikufa. Hakunilaumu. Alisema mfuko hakuuona, ni ubongo mtupu. Nilijiambia mbuzi hufa, na kisu cha nyumbani si kisu cha hospitali, nikampa pole. Jioni nilimsimulia Njoroge kama habari ndogo ya kazini. Aliweka kijiko chini na hakumaliza chakula chake.

Ilikuwa imebaki siku mbili usaili ufike nilipokwenda kumuaga na kumshukuru Mzee Ramadhani. Nilibeba michoro yangu ya penseli nimwonyeshe kwamba kazi yake inasafiri ng'ambo. Alinawa mikono, akakausha, akazipokea karatasi kama anapokea mtoto mchanga. Alifurahi kweli. Aliwatambua mbuzi wengine kwa pembe zao. Kisha akaweka kidole chake kwenye lile sikio jeusi, akauliza kama ndilo lililolala chini, nikamwambia ndilo. Akasoma neno nililoliandika kando yake, polepole, herufi kwa herufi. Akafungua ukurasa wa pili akasoma tena, na wa tatu.

"Umeandika kulia," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana, mwalimu. Mimi sijawahi kulaza mbuzi na kulia. Toka nishike kisu, zote nalaza na kushoto. Sikio ya chini ni ya kushoto. Nikilaza ingine hivi ingine vile, mimi si mchinjaji."

Hakuna aliyenieleza zaidi, wala haikuhitajika. Niligeuka nikaliona sanduku langu ng'ambo ya meza, mahali pasafi, mahali pa heshima, na nikajiona nimelikalia mwaka mzima, mimi na mbuzi tukitazamana usoni kama watu wawili wanaoamkiana. Mkono wangu wa kulia ulielekea kushoto kwake. Nilikuwa nimeandika kwa upande wangu, si kwa upande wa mbuzi. Kila ukurasa ulikuwa safi na kila ukurasa ulikuwa kinyume. Njoroge, na damu yake na kikombe chake, alisimama nyuma ya kisogo, na kushoto kwake kulikuwa kushoto kweli. Mzee aliniuliza kama nimeumwa. Nilimwambia ni jua tu, nikamshukuru, nikaondoka kwa miguu.

Kutoka machinjioni hadi Waithaka si mbali, lakini siku ile niliifanya mbali. Sitajipamba. Nusu ya njia nilitembea nikipanga namna ya kunyamaza. Nani angejua? Mzee hasomi makaratasi ya wakfu. Prof ameridhika. Ningefika kule kwanza, nikae, nipate jina, kisha siku moja niandike kwamba uchunguzi zaidi umeonyesha vingine. Watu wakubwa hufanya hivyo na huitwa wanyenyekevu. Nilifika hata kuichagua sentensi yenyewe. Kilichonirudisha ni yule mbuzi jike mwenye maziwa. Sikuweza kumpitisha kwenye sentensi ile, kila nilipoipanga alikuwa amesimama mlangoni. Nilimkuta Njoroge zizini kwao akimkamulia mama yake ng'ombe, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikio, sanduku, mfugaji. Hakuniambia kwamba daftari lake ndilo lililokuwa sahihi, wala hakushtuka. Nilidhani ni adabu yake tu.

"Utawaambia?" aliniuliza.

"Kwani niwaambie nini kingine?"

Alisogeza ndoo kando. Kisha akasema, "Basi kuja tukunywe chai." Tukaenda, tukanywa, na mama yake akatuuliza nani amekufa.

Usaili ulifanyika mjini, orofa ya tatu ya jengo lenye lifti iliyolalamika njia nzima. Kulikuwa na meza ndefu, wageni watatu wa wakfu, Prof kando yao akiwa na tai mpya, na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Walinikaribisha vizuri, wakaifungua michoro iliyotiwa wino na Njoroge, wakaisifu. Niliomba niseme kabla hawajaniuliza. Niliwaambia, kwa Kiingereza nilichokikariri usiku kucha, kwamba nilikaa mbele ya mbuzi nikaandika kama niliyesimama nyuma yake, kwamba matokeo yangu yageuzwe yote, na kwamba yakigeuzwa yatakubaliana na ya mwenzangu na ya wafugaji. Mama mmoja mwenye mvi aliniuliza nani mwingine aliyeligundua. Nilijibu kwamba ni mchinjaji. Aliandika jibu hilo, kisha akanimiminia chai kwa mkono wake, na wema ule ndio ulioniliza, si kosa. Kwenye ngazi Prof alinifikia. Nilingoja anikaripie. Alivua miwani, akaifuta na ile tai mpya. "Mimi mkubwa yenu," alisema. "Siku moja tu mimi kaa kwa ile sanduku, mimi naona. Siku moja tu, na mimi hapana enda." Hatukulizungumza tena.

Nafasi alipewa Njoroge. Aliikataa mara mbili, na mara ya tatu nilimkasirikia kwa sauti ambayo ploti nzima iliisikia, nikamwambia asinifanye niwe nimepoteza bure. Akaenda. Siku ya kuondoka mama yake alinipikia ugali mgumu, wa kukatika kwa kisu, sijui alifunzwa na nani, na tuliula wote mimi na yeye. Mimi nilibaki maabara mwaka mwingine, kisha nikahamia kufundisha shule ya wasichana, na nilifundisha biolojia miaka thelathini. Wasichana wangu wote walijifunza kusimama nyuma ya mnyama kabla ya kushika penseli. Sikuwa na maisha mabaya, na asiwepo wa kunisikitikia. Lakini nitasema hili pia, kwamba zipo asubuhi nilizoamka nikaiona ile hadubini. Njoroge alirudi, akawa mtu mkubwa wa neva, akaanzisha mfuko, akaniomba niwe msomaji wa fomu. Katika miaka yote hiyo hakuna siku tuliyokaa tukauzungumzia mwaka ule hadi mwisho. Kila nilipoukaribia, aliagiza chai.

Jana, baada ya yule kijana wa kufanya kazi kupita kiasi, nilipanda kiti nikalishusha boksi. Daftari lake la zamani lilikuwamo, lenye damu iliyogeuka kahawia na duara la kikombe. Chini yake palikuwa na fomu moja ya mfuko, ya mwaka wa kwanza kabisa, mojawapo ya zile zilizochapwa kwa mashine ya taipu. Juu yake aliandika "ya kujaribu", na aliijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mbaya, bila shaka aone kama nafasi za majibu zinatosha. Maswali sita aliyajibu kwa mzaha. Umri: wa kutosha. Msimamizi: mama yangu. La saba hakulifanyia mzaha. Nafasi haikumtosha, akaendelea pembeni mwa karatasi.

"Mwenzangu alichanganya kushoto na kulia. Niliona kutoka kwa sikio katika mchoro wake, wiki tatu kabla ya usaili wake. Nilinyamaza. Nilijiambia ni wema, aende kwanza, kosa litarekebishwa baadaye. Katika wiki hizo mbuzi wa mtu alikufa kwa ushauri ambao ningeuzuia kwa neno moja. Yeye kosa lake alilitambua na akalisema mbele za watu. Nafasi nikapewa mimi. Namna kosa langu lilivyogunduliwa: halijagunduliwa."

Nilikasirika kwanza. Nilisimama nikaizunguka meza, nikimtukana kwa Kibukusu, lugha ambayo hakuwahi kuielewa. Wiki tatu. Aliniacha nipige pasi gauni. Kisha nililia, na sikuweza kutenganisha kilio cha hasira na kilio cha mazishi, ambacho nilikuwa sijakilia vizuri. Alitaka niende. Alikuwa tayari nimpite kwa matokeo ya uongo huku ya kwake ya kweli yakiitwa uzembe, na alikuwa amekosea kufanya hivyo, na alijua. Na mimi miaka yote nimelisoma swali la saba nikijiona mimi ndani yake, nikichomeka, nisijue kwamba alikuwa akijiuliza yeye, kila mwaka, na kila mwaka akimpa karatasi msomaji yuleyule ambaye angeweza kuligundua kosa lake.

Nilikaa chini. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaisoma fomu yake tena toka mwanzo, polepole, kama ninavyozisoma zote. La saba nikampa tisa. Ile moja nilimkata kwa sababu ya chai ya siku ile niliporudi kutoka machinjioni. Angeweza kuniambia tukiinywa.